Picha Isipewe Linki Kabla Haijaonwa

Kama una programu inayopokea picha za watu, na mtu yeyote akipakia picha anapewa linki papo hapo bila wewe kuiona, zima sehemu ya kupakia leo hii. Wateja watalalamika siku mbili tatu, kisha watasamehe. Yanayoweza kuingia kupitia sehemu hiyo usiku wa leo hayasameheki kwa sheria, na mtoto aliyemo kwenye picha atayabeba maisha yake yote.

Nasema na vijana wanaoandika programu Himo, Moshi mjini, Marangu, Mwika na Rombo, kwa sababu msimu unakaribia na kila mtu huku Kilimanjaro anaujua. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu Njia Panda ya Himo usiku na mchana, na karibu kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina shughuli yake: kipaimara, komunio ya kwanza, sendofu, harusi, ubatizo wa mjukuu aliyezaliwa ughaibuni. Wapiga picha wanahangaika na tatizo lile lile kila msimu: mamia ya picha za harusi moja yatamfikiaje shangazi aliyeko Mwanza na kaka aliyeko Muscat? WhatsApp inazikandamiza mpaka sura zinafifia, na flashi zinapotea kwenye mikoba. Basi kijana mwenye kipaji anaona riziki. Anatengeneza mahali pa kupakia picha: bila usajili, ili bibi asisumbuke, bila malipo, ili watu waje, na linki inatoka sekunde ile ile. Anafanya kwa nia njema kabisa.

Mambo hayo matatu yakikaa pamoja ndiyo hasa wanayoyatafuta wasambazaji wa picha za watoto wanaodhalilishwa kingono. Hata kama programu yako haijulikani nje ya soko la Himo, itawafaa, mradi haina mwangalizi.

Wanavyofanya ni hivi. Mtu wa aina hiyo akihifadhi picha kwenye seva yake mwenyewe, polisi wataifuata mpaka mlangoni kwake. Kwa hiyo anazunguka kutafuta tovuti ndogo za kuhifadhi picha, changa, zinazoendeshwa na mtu mmoja aliyelala saa nane za usiku. Anapakia huko, anachukua linki, anaibandika kwenye kundi lake la siri lililo mahali pengine kabisa. Wenzake wanafungua kundi lile na picha inatoka kwako. Ukurasa wako wa mbele unabaki safi, umejaa maharusi na keki. Wewe hujui kitu. Taasisi ya Internet Watch Foundation (IWF) ya Cambridge, Uingereza, ambayo tangu 1996 inafuatilia na kuondoa picha hizi mtandaoni, imeonyesha kwenye ripoti zake kwa miaka mingi kwamba tovuti za kuhifadhi picha ndizo zinazotumiwa vibaya kuliko aina nyingine za tovuti.

Kuna dalili, nayo ipo kwenye kumbukumbu za seva ambazo wengi wetu hatuzifungui mpaka bili ije. Picha moja imevutwa maelfu ya mara, lakini karibu hakuna aliyepitia ukurasa wako wa mbele. Waliovuta wanatoka nchi ambazo huna mteja hata mmoja, saa ambazo Himo imelala. Albamu ya kipaimara cha Kilema haivutwi hivyo. Ukiona hali hiyo, usijipongeze kwamba umepata soko la kimataifa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2022 ECPAT, INTERPOL na UNICEF walitoa utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania juu ya unyanyasaji wa kingono wa watoto mtandaoni. Walikadiria kwamba ndani ya mwaka mmoja watoto wapatao 200,000 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walifanyiwa vitendo vibaya vya aina hiyo: kurubuniwa, kutishiwa, picha zao kusambazwa bila ridhaa. Huo ndio umri wa wanafunzi wa kipaimara. Na hatuhitaji utafiti kujua kinachoitwa koneksheni. Mtaani, shuleni, kwenye bodaboda, mtu anaomba koneksheni na anatumiwa linki ya video au picha za faragha za binti fulani, mara nyingi zilizovujishwa na mpenzi wa zamani au fundi simu. Kila koneksheni lazima ikae mahali fulani kwenye seva. Ukijenga mahali pasipoulizwa swali, ndipo zitakapokaa, na jina litakalotajwa ni la programu yako.

Sheria haitakuwa upande wako kwa sababu tu wewe hukupiga picha hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshika anayechapisha picha za ngono za watoto na pia anayewezesha zipatikane kupitia mfumo wa kompyuta: faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Ni kweli kwamba sheria hiyo hiyo haimlazimishi mtoa huduma kuchunguza kila kitu anachohifadhi. Vijana wengi wameshika kipengele hicho kama ngao. Wasome kinachofuata: kinga inadumu pale tu unapoondoa maudhui mara moja baada ya amri ya mamlaka au mahakama, na ukijua mwenyewe kwa njia nyingine, unapotoa taarifa bila kuchelewa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zikabana zaidi, zikapunguza muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa kutoka saa 12 hadi saa 2. Mtu mmoja mwenye simu iliyozimwa hawezi kutimiza saa 2. Asubuhi akiamka muda umeshapita.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Chini yake, taarifa zinazohusu watoto zinahesabiwa kuwa nyeti, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Na Himo iko karibu na mpaka. Mteja wako wa Taveta, akivuka Holili kurudi kwake, yuko chini ya sheria za Kenya, yenye sheria yake ya ulinzi wa taarifa tangu 2019. Picha haipiti kwenye forodha, lakini lawama inavuka.

Sasa jambo lenyewe ninaloomba lifanyike. Pale Njia Panda kuna mizani. Lori la mahindi halipewi barabara kwanza halafu likafukuzwa na kupimwa mbele ya safari. Linapimwa, ndipo linaendelea. Picha nayo ikae kwenye foleni, mahali ambapo hata aliyeipakia haoni linki ya kumpa mtu mwingine, mpaka ipite ukaguzi. Ukaguzi wa mashine huchukua sekunde. Wa binadamu unaweza kuchukua nusu saa, na mchana wa harusi nusu saa haimuui mtu.

Ukaguzi wa mashine umeshatengenezwa na wengine, usihangaike kuubuni. Mwaka 2009 Microsoft, pamoja na Profesa Hany Farid aliyekuwa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, walitengeneza PhotoDNA, programu inayoigeuza picha kuwa alama ya hesabu na kuilinganisha na alama za picha za udhalilishaji zilizokwisha kutambuliwa. Picha ikipunguzwa ukubwa au kubadilishwa rangi kidogo, alama bado inaitambua. Inatolewa bure kwa wanaokubaliwa maombi yao. Kampuni ya Cloudflare, ambayo wengi wenu mnapitishia tovuti zenu, ilitoa mwishoni mwa 2019 kifaa cha namna hiyo bure kwa wateja wake wote, wakiwemo wale wasiolipa kitu. Unakiwasha kwenye mipangilio. Sioni sababu hata moja ya kutokiwasha, na ninamsihi kila mwenye tovuti ya picha akitafute kabla ya kulala.

Lakini elewa mipaka yake. Alama hutambua picha ambayo mtu ameshaiona na kuiripoti. Picha iliyopigwa jana huko Uchira au Makuyuni haimo kwenye orodha yoyote. Picha iliyotengenezwa na akili mnemba haimo pia, na Oktoba 2023 IWF ilitoa ripoti nzima ya kuonya juu ya picha hizo. Zipo programu zinazochukua uso wa mtoto wa kweli kutoka kwenye picha ya kawaida na kuufanyia uchafu. Fikiria albamu ya watoto 60 wa kipaimara, wote wakitazama kamera, mwanga mzuri, imeachwa wazi kwa dunia nzima. Kwa hiyo albamu yoyote yenye watoto isifunguke kwa linki tupu. Iwe na nenosiri, na isiorodheshwe kwenye mitambo ya kutafutia.

Kwa picha ambayo haimo kwenye orodha ya mtu unahitaji jicho la binadamu, tena jicho la hapa. Mashine zilizofunzwa kwingine humzuia mama anayenyonyesha na kumpitisha binti aliyevaa sare ya shule huku jina lake na namba yake ya simu vimeandikwa juu ya picha pamoja na matusi ya Kiswahili. Kwa mashine, hiyo ni picha ya msichana aliyevaa sweta. Mtu wa Himo ataijua beji ya shule mara moja na ataelewa kwamba mtoto yuko hatarini kesho asubuhi.

Hapo niwaombe wenye programu wasitatue tatizo hilo kwa kumwajiri binti wa kidato cha nne akae peke yake chumbani usiku kucha akitazama picha. Tunajua yaliyotokea Nairobi. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walihakiki maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya Sama. Mmoja wao, Daniel Motaung, akaenda mahakamani mwaka 2022, na mwaka uliofuata wenzake 184 nao wakafungua kesi. Desemba 2024 ilijulikana kwamba zaidi ya 140 kati ya wahakiki wa Nairobi waligundulika kuwa na msongo mkali wa akili unaotokana na kiwewe, kwa uchunguzi wa Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Walikuwa watu wazima, kwenye ofisi yenye wenzao. Anayehakiki picha azione kwanza ndogo, zimefifishwa, bila rangi, na akuze pale tu anapolazimika. Apokezane na mwenzake kila baada ya muda mfupi. Awe na mtu wa kuzungumza naye, na awe na ruhusa ya kusimama na kutoka nje bila kukatwa mshahara. Kama huwezi kumlipa mhakiki mmoja kwa namna hiyo, biashara yako bado haijawa tayari kupokea picha za watu usiowajua. Pokea za wapiga picha kumi unaowafahamu kwa sura, basi.

Kupakia bila usajili nako kuondoke. Tanzania laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Anayetaka kupakia picha aweke namba yake na apokee msimbo wa uthibitisho. Wabaya wengi wataondoka hapo hapo, kwa sababu wanachokimbia ni kujulikana. Shangazi wa Mwanza hahitaji kupakia, anahitaji kutazama. Yeye mpe nenosiri la albamu.

Kuna hatari nyingine ambayo haina mhalifu mwenye nia mbaya; inatokana na uzembe wa fundi. Simu inapopiga picha huandika ndani ya faili saa, aina ya simu na, kama GPS imewashwa, latitudo na longitudo ya mahali uliposimama. WhatsApp imetuzoesha vibaya, maana picha ikitumwa kama picha huondolewa habari hizo. Programu yako ikipokea faili halisi na kulitoa kama lilivyo, umempa mgeni ramani ya kufika kihambani kwa yule mtoto, mpaka mlangoni. Januari 2021 watu walichota picha na video kutoka mtandao wa Parler wa Marekani kwa urahisi wa kutisha: machapisho yalipewa namba za mfuatano, ukiongeza moja unapata la jirani, na mafaili yalibaki na alama za mahali. Nimeona programu za huku kwetu zikitoa majina ya namna hiyo hiyo, 1001, 1002, 1003.

Julai 2025 ikawa zamu ya programu ya Tea, iliyojengwa kwa ajili ya usalama wa wanawake. Ghala lake la zamani liliachwa bila ulinzi, zikavuja picha 72,000, zikiwemo kama 13,000 za sura na vitambulisho ambavyo wanawake hao walivituma ili kuthibitisha kuwa wao ni wao. Hapa Himo, watu wa uwakala wa forodha wanaoshughulikia Holili hupiga picha hati na leseni siku nzima. Kampuni za kupandisha wageni mlimani hupokea picha za pasipoti. Tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipofikishwa kambi ya Horombo mlimani Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, picha zinaruka hata kabla ya mtu kushuka. Mtu akiona programu yako inatoa linki haraka, ataweka kitambulisho chake cha NIDA humo bila kufikiri. Jiandae kwa hilo hata kama hukulikusudia.

Dawa ya sehemu kubwa ya haya ni hatua moja ya kiufundi: usihifadhi faili la mtu kama lilivyokuja. Lifungue kwenye seva, litengeneze upya kama JPEG mpya, uhifadhi hiyo mpya. Alama za mahali zinabaki kwenye faili la zamani, na msimbo mbaya uliofichwa ndani nao haufiki kwa watazamaji. Kabla ya kulifungua, soma baiti zake za mwanzo uone kama kweli ni picha, usiamini herufi za mwisho wa jina. Kataa SVG, maana inaweza kubeba msimbo unaotekelezwa kwenye kivinjari cha mtazamaji. Weka kikomo cha pikseli, kwa kuwa faili dogo sana linaweza kufunguka likameza kumbukumbu yote ya seva. Na kazi hiyo ya kufungua ifanyike kwenye chumba chake, mbali na hifadhidata ya wateja, kwa maktaba zilizosasishwa: Septemba 2023 iligundulika kasoro kwenye libwebp, maktaba inayotumika karibu kila mahali kusoma picha za WebP, ambayo ilimwezesha mshambuliaji kuingia kwa picha iliyotengenezwa kwa hila. Jina la faili liwe refu na la nasibu. Ghala lifungwe kwa watu wote, lifunguke kwa linki yenye muda wa kuisha.

Ikiwa umeshachelewa, yaani umefungua kumbukumbu baada ya kusoma hapa na ukakuta picha ya mtoto, sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wema wanapojiingiza matatani. Usiipakue kwenye simu yako. Usipige skrinishoti. Usimtumie rafiki yako kwenye WhatsApp ukimwuliza, "Hii ni kosa kweli?" Kila nakala ni usambazaji mpya na mtoto yule anaumizwa tena. Ifunge isionekane na mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo. Usifute kumbukumbu za aliyepakia: namba yake, anwani yake ya IP, tarehe na saa. Ziandike, zifunge. Kisha nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, eleza kwa maneno, uache wao waseme ushahidi ukabidhiwe vipi. IWF ina ukurasa maalumu wa kupokea taarifa kutoka Tanzania, na unaweza kutuma linki bila kutaja jina lako.

Wazazi na walezi, nanyi mna swali moja la kumwuliza mpiga picha kabla hajalipwa: picha za watoto wetu zinakaa wapi, na nani anaweza kuzifungua? Akishindwa kujibu, chukueni flashi. Na kama binti au kijana wa nyumbani ametishiwa kwa picha yake ya faragha, msimpige wala msimfungie. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kutumia huduma ya Take It Down ya kituo cha NCMEC cha Marekani: alama ya picha inatengenezwa kwenye simu yake mwenyewe, picha haiondoki mkononi mwake, na majukwaa yaliyojiunga huitumia kuizuia. Mtu mzima anayo StopNCII, inayofanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Hazifiki kwenye kila tovuti, na hasa hazifiki kwenye tovuti ndogo za mtu mmoja, ndiyo maana nimeanza na ninyi wenye tovuti hizo.

Namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116. Inaendeshwa na shirika la C-Sema, kupiga ni bure, na anaweza kupiga mtoto mwenyewe, mzazi, mwalimu au fundi wa programu aliyeona kitu kwenye seva yake usiku huu.